Rosa Mistika Darasani: Historia Fupi ya Marufuku na Waliyoipinga

Makala haya yametokana na barua. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, idara yetu ilipokea barua kutoka shule moja ya sekondari upande wa Itaba, mkoani Gitega. Mkurugenzi wa shule alitufahamisha kwamba mwalimu mwanafunzi wetu ameingia darasani na “kitabu cha matusi”, kwamba amekitwaa kitabu hicho na kukifungia kwenye meza yake, na kwamba anaomba idara imchukulie kijana hatua zinazofaa. Kitabu chenyewe ni Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Nakala ilikuwa yetu, yenye mhuri wa idara kwenye ukurasa wa kwanza.

Kijana mwenyewe anatoka Muyinga. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara, kabla kambi hiyo haijafungwa mwaka 2008, na Kiswahili alikisikia kabla ya kujua kusoma. Alama zake za mazoezi ziliingia mashakani, na bila alama hizo hahitimu. Katika kikao cha idara baadhi ya wenzetu walisema tumwambie aombe radhi, yaishe. Wengine walisema tukifanya hivyo tutakuwa tumewafundisha fasihi kwa miaka mitatu halafu tukawaonya wasiwe nayo. Tukaombwa tuandike historia ya jambo hili ili tusiamue gizani. Ndiyo haya.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Rosa Mistika ilichapishwa Nairobi mwaka 1971, yeye akiwa kijana wa miaka 27 aliyekuwa ametoka chuo kikuu juzijuzi tu. Ni hadithi ya msichana wa kisiwani huko huko, bintiye Zakaria mlevi na Regina mvumilivu. Zakaria anamlinda binti yake kwa fimbo: barua moja tu kutoka kwa mvulana aitwaye Charles inamletea Rosa kipigo ambacho msomaji hakisahau. Rosa anakwenda sekondari ya bweni akiwa hajui lolote kuhusu wanaume isipokuwa kuwaogopa, na fimbo ya baba ikiwa mbali, ile hofu inageuka. Yanafuata mapenzi ya ovyo, chuo cha ualimu cha Morogoro, kutoa mimba, kukataliwa na Charles yule yule, na mwisho Rosa anajiua.

Kitabu kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa maadili: mwandishi ametaja waziwazi mambo ya chumbani na ya kutoa mimba, naye amewaweka walimu na wakubwa wengine miongoni mwa wanaowaharibu wasichana. Sisi tunashuku kwamba hilo la mwisho liliuma zaidi ya la kwanza.

Hatuna budi kukumbuka hali ya miaka ile. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na mwaka huo huo Mwalimu Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Shule ilitarajiwa kuzaa mtu mpya. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, ya kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua ngozi jijini Dar es Salaam. Wasichana walisumbuliwa barabarani na kwenye vituo vya mabasi. La kufurahisha ni kwamba watu hawakunyamaza. Barua zilimiminika magazetini, na miongoni mwa waandishi wa barua hizo walikuwamo wanawake waliouliza ni nani aliyeamua kwamba utamaduni wa taifa unapimwa kwa urefu wa sketi, na mbona mavazi ya kiume ya Kizungu hayaguswi. Basi Rosa Mistika ilitoka miaka miwili tu baadaye, ikimhusu msichana, mwili wake, na wanaume wanaodai kuulinda. Isingeweza kupokewa kwa utulivu.

Je, Kezilahabi alipingaje? Wako wenzetu wanaopenda kumwita mpigania uhuru wa maandishi. Sisi tunaona jina hilo linamzidi, au pengine halimfai tu. Hakuongoza maandamano wala hakwenda mahakamani. Alichofanya ni kuendelea. Mwaka 1974 alitoa Kichwamaji, ambamo ugonjwa wa zinaa ndio unaoamua maisha ya mhusika mkuu na ya uzao wake. Mwaka huo huo alitoa diwani ya Kichomi, na utangulizi wake ukatetea uhuru wa mshairi kuacha vina na mizani, jambo lililowaudhi wengine kabisa. Mwaka 1975 ikafuata Dunia Uwanja wa Fujo. Mtu aliyeambiwa kalamu yake ni chafu, na ambaye kazi yake ilikuwa ya ualimu katika chuo cha serikali ile ile, angeweza kurudi kwenye hadithi za sungura na fisi. Hakurudi.

Marufuku yenyewe ilikuja kuondolewa, na riwaya ikaingizwa katika orodha ya vitabu vya kusomwa sekondari. Kizazi kizima cha Watanzania kimeijibia maswali ya mtihani. Kezilahabi alifariki Dar es Salaam mwezi Januari 2020, baada ya kufundisha miaka mingi pia nchini Botswana, na mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Yale kilichapisha tafsiri ya Kiingereza ya Rosa Mistika. Kwa hiyo kitabu kilichofungiwa kwenye meza ya Itaba ni kitabu ambacho waliokifungia mwanzo wamekwisha kukifungulia.

Tuseme kitu kimoja zaidi kuhusu riwaya yenyewe, kwa sababu tunahisi wengi wanaoikataa wameisimuliwa tu. Haina utamu wa kumvuta kijana afanye aliyofanya Rosa. Karibu kila starehe ndani yake inalipwa kwa aibu, ugonjwa au kifo. Kama kuna la kuilaumu, sisi tungeilaumu kwa ukali wake: mwandishi anamwadhibu Rosa kuliko anavyowaadhibu wanaume waliompitia. Mzazi mkali angepaswa kuinunulia nyumba nzima nakala. Lakini angeinunua akijua kwamba mshitakiwa wa kwanza mle ndani ni mzazi mkali.

Jirani wa Kenya alikuwa na kisa cha namna nyingine. David Maillu alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Comb Books, na kati ya mwaka 1973 na 1974 akatoa vijitabu vya Kiingereza chepesi vya bei nafuu, kikiwamo After 4.30, kuhusu makarani wa kike na mabosi wao saa za kazi zikiisha. Viliuzika kama maandazi. Wasomi wa Nairobi walivibeza, na mwaka 1976 serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku. Maillu hakukubali kwamba ameandika uchafu. Utetezi wake ulikuwa kwamba anaandika yanayosemwa na kutendwa na watu wa kawaida, na kwamba anawafundisha. Sisi hatuamini sana hilo la kufundisha. Ukisoma kurasa kadhaa unaona mwuzaji anayeijua bidhaa yake. Hata hivyo, watu ambao hawakuwahi kununua kitabu walinunua chake, na marufuku haikuwapa kitu kingine cha kusoma.

Hapa tungependa kusimama kidogo kwenye neno, maana ndiyo kazi yetu. Mkurugenzi aliandika “matusi”. Katika Kiswahili neno hilo limebeba mizigo miwili. Tusi ni kumvunjia mtu heshima. Tusi pia ni kutaja viungo na vitendo vya siri, hata kama hakuna aliyevunjiwa heshima. Mtoto akimtaja mnyama kwa jina lisilofaa tunasema ametukana, ingawa mnyama hana habari. Mchanganyiko huu unafanya riwaya inayosimulia jinsi msichana alivyoharibiwa ionekane kana kwamba imemtukana msomaji. Na si kwamba lugha yetu haijui kuzungumza mambo haya. Pwani wapo makungwi na nyimbo za unyago, ambazo hazina haya hata chembe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika habari za jando, unyago na ndoa katika Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Kwetu milimani shangazi alikuwa na kazi yake kwa bibi harusi. Kilichotawaliwa siku zote ni nani anasema, kwa nani, na wapi. Kitabu kilichochapishwa kinaingia mkononi mwa yeyote, na hapo ndipo hofu inapoanza. Ni hofu ya haki, hatuidharau.

Miaka ya karibuni mambo yamehama kutoka kitabuni kwenda kwenye muziki, filamu na simu. Wanafunzi wetu wa Itaba na Muyinga wanamjua Diamond Platnumz kuliko wanavyomjua Kezilahabi. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizuia nyimbo kadhaa zisipigwe redioni na kwenye televisheni, zake zikiwamo, naye akamkosoa hadharani Naibu Waziri Juliana Shonza. Mwezi Aprili alihojiwa na polisi kwa sababu ya video aliyoiweka mtandaoni. Mwishoni mwa mwaka, yeye na Rayvanny walifungiwa kufanya maonyesho na Baraza la Sanaa la Taifa kwa kuimba jukwaani wimbo uitwao Mwanza, uliokwisha kukatazwa. Waliomba radhi, wakafunguliwa. Huyu ni mpinzani wa marufuku kwa siku za kawaida na mwomba radhi biashara ikiguswa. Hatumcheki, ana watu wengi wanaokula kupitia kwake.

Wanuri Kahiu wa Kenya alikwenda mbali zaidi. Filamu yake Rafiki, ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku nchini kwake mwezi Aprili 2018, wakati tu ilipokuwa imechaguliwa kuonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Alikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Septemba Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba. Kumbi zikajaa. Mwaka 2020 mahakama hiyo hiyo ilikataa ombi la kuiondoa marufuku yenyewe. Somo la sheria katika kesi ile ni refu kuliko nafasi tuliyopewa.

Uganda ndiko mambo yalikojirudia kwa namna inayotushangaza. Mwezi Februari 2014 Rais Museveni alitia saini sheria ya kupinga ponografia iliyosukumwa na Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, aliyewahi kuwa padri. Sheria ilieleza ponografia kwa upana kiasi kwamba watu mitaani waliielewa kuwa ni sheria ya sketi fupi, na wanawake wakashambuliwa na kuvuliwa nguo hadharani. Miaka 45 baada ya Operesheni Vijana, vituo vya mabasi ni vile vile na sketi ni ile ile. Mashirika ya wanawake yalikwenda Mahakama ya Katiba, na mwezi Agosti 2021 mahakama ikavifuta vifungu vikuu vya sheria hiyo. Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, naye alifungwa mwaka 2019 kwa shairi kuhusu Rais na mama yake mzazi, akatoka mwezi Februari 2020. Tukirudi kwenye neno letu, Nyanzi alitukana kwa maana zote mbili kwa pamoja, tena kwa makusudi. Ni mfano mgumu, na hatudai kwamba tungelisoma shairi lile mbele ya darasa.

Sasa kuhusu Itaba. Hatukubaliani na mkurugenzi, lakini tulipokwenda kumwona tulimkuta si mtu wa kubezwa. Alituonyesha simu tatu alizowanyang'anya wanafunzi wiki hiyo, na yaliyokuwamo hayahitaji kuelezwa hapa. Alituambia ana wasichana watatu walioacha shule mwaka ule kwa ujauzito, na kwamba mzazi mmoja akisikia habari za kitabu, yeye ndiye atakayeitwa. Tulimwuliza kama wale wasichana watatu walisoma Rosa Mistika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hapana, shule haina hata kamusi.

Kosa la kijana wetu lipo. Alikipeleka kitabu kwenye darasa la watoto wa miaka 14 bila kumwuliza mwalimu mwenyeji, na akaanza na sura ya kipigo kwa sababu, kama alivyotuambia, ndiyo inayoamsha darasa. Angetushauri, tungemwambia asubiri madarasa ya juu. Hilo ni kosa la mpango wa somo, na katika fomu yetu ya tathmini linakatwa alama zake. Fomu hiyo haina mahali pa kukata alama kwa kumpenda Kezilahabi. Kikao cha idara kilikubali hivyo kwa kura, si wote, na kijana amepewa alama za kupita.

Nakala yetu ilirudishwa mwezi uliofuata ikiwa imefungwa kwa karatasi ya gazeti. Alama ya kusomea, kipande cha risiti ya duka, ilikuwa kwenye sura ya mwisho, na kijana anasema si yake. Idara sasa ina nakala nne kabatini. Walimu wanafunzi wanaotaka kuitumia katika mazoezi yajayo waandike majina yao kwenye daftari la mtunza maktaba, pamoja na darasa watakalofundisha, na waje kutuona kabla ya kuondoka.