Popo wa Pemba

Magharibi ikiingia, katika miembe iliyosalia Manzese, wanafunzi wetu huwaona popo walao matunda. Hao ni popo wa bara. Yule mkubwa wa kisiwani, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6, hawatamwona hapa wala penginepo duniani ila Pemba. Jamaa zake wako Bukini, Komoro na Asia, na wengine wamefika Mafia. Afrika bara hawakuhamia kamwe. Jambo hilo latushangaza, kwani bahari iliyopo kati ya bara na Pemba ni kama kilometa 50 tu.

Mwaka 1903 Mjerumani Alfred Voeltzkow alikusanya vielelezo vyake, na mwaka 1909 Paul Matschie akampa popo huyo jina la mkusanyaji. Wapemba, waliomjua na kumla tangu kale, hawakuulizwa.

Misitu ilikatwa kwa ajili ya mikarafuu na mashamba, ukasalia ule wa Ngezi na vichaka vya hapa na pale. Bunduki nazo zikazidisha mawindo. Mwaka 1989 watafiti waliozunguka kisiwa waliona popo wachache mno. Miti mirefu ya makaburini, ambayo mila hairuhusu ikatwe, ilikuwa miongoni mwa maficho yao.

Katika miaka ya 1990 wanavijiji waliunda vyama vya kuwalinda. Huko Kidike wenyeji waliacha kuwinda, wakawa walinzi, na hesabu za baadaye zilipita popo 20,000. Mbegu wanazozidondosha usiku huota miti mipya.