Damu ya mama na ya mutoto zikipingana: namna waganga wanabadilisha damu ya mutoto muchanga

Mutoto akigeuka manjano mbele ya kumaliza saa 24 tangu azaliwe, hiyo si manjano ya kawaida. Mara nyingi ni alama kwamba damu yake na ya mama hazipatani.

Inatokea namna gani?

Kuna hali mbili. Ya kwanza: mama ni grupu O, mutoto ni A ao B. Hiyo inaweza kupata hata muzaliwa wa kwanza, lakini mara nyingi haina ukali sana. Ya pili ni ya resusi: mama ni negatifu, mutoto amerisi pozitifu ya baba. Muzaliwa wa kwanza kwa kawaida haguswi. Lakini wakati wa kuzaa damu yake inaingia kwa mama, na mwili wa mama unatengeneza askari wa kuipiga. Kwa mimba inayofuata, askari hao wanapita kwenye kondo na kuvunja chembe nyekundu za mutoto.

Chembe zikivunjika zinaacha uchafu wa manjano, bilirubini. Ikizidi inaingia kwenye ubongo: mutoto anaweza kufa, ao kubaki kiziwi na kilema.

Matibabu

Kwanza mutoto analazwa chini ya taa ya bluu. Isipotosha, wanabadilisha damu. Mupira mwembamba unaingizwa kwenye mushipa wa kitovu, njia iliyoenezwa na daktari Louis Diamond wa Boston, Marekani, miaka ya 1940. Muganga anatoa damu kidogo kidogo, mililita 5 mpaka 20, na kurudisha kiasi kilekile cha damu ya mutu aliyetoa. Mutoto wa kilo 3 ana damu mililita 240 hivi. Wanapitisha mara mbili yake, karibu 480. Kama shida ni resusi, inatafutwa damu negatifu, inayopimwa kwanza na ya mama.

Kujikinga

Mama apimishe grupu na resusi mapema, kwenye CPN. Akiwa negatifu na mutoto pozitifu, apate sindano ya anti-D ndani ya saa 72 kisha kuzaa. Hata mimba ikitoka, aulize muganga. Askari wakiisha kutengenezwa, sindano haisaidie tena.

Kwa ngozi nyeusi, angalia macho, fizi na viganja. Kumuweka mutoto kwenye jua la asubuhi haitoshi: afikishwe hospitali siku ileile.