Java inabadilika kila miezi 6: hiyo inagusa vipi ripoti za afya za Ituri?

Kila mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, awe Mambasa, Aru ao Djugu, anajaza karatasi: watu wangapi wameugua malaria, akina mama wangapi wamezalia pale, watoto wangapi wamepata chanjo. Karatasi inapelekwa kwenye ofisi ya zoni ya afya, na tarakimu zinaingizwa ndani ya programu inayoitwa DHIS2. Ituri ina zoni za afya 36, nchi nzima 519, na DHIS2 ndiyo programu ya taarifa za afya za taifa. Dawa na chanjo zinapangwa kwa kutazama tarakimu hizo.

DHIS2 inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na mizizi yake iko Afrika Kusini, miaka ya 1990. Ni programu huria, maana yake maagizo yaliyoiunda yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Sehemu yake inayofanya kazi kwenye serveri imeandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Java. Na Java yenyewe haikai palepale.

Lugha, kompaila na maktaba

Fundi wa programu anaandika maagizo kwa maneno ambayo mtu anaweza kusoma. Mashini haielewi maneno hayo. Inabidi programu nyingine iyageuze, na hiyo ndiyo kompaila. Pamoja nayo kuna maktaba, ni kusema kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine: kusoma saa, kufungua faili, kuhakikisha sahihi. Fundi wa pikipiki hachongi mnyororo mwenyewe, anauchukua dukani. Fundi wa Java naye hivyo hivyo. Lakini kama mnyororo wa dukani una kasoro, pikipiki zote zilizoufunga zina kasoro.

Java ilitoka mwaka 1995 kwa kampuni ya Marekani, Sun Microsystems. Novemba 2006 Sun ilianza kufungua msimbo wake, na 2007 sehemu kubwa ya maktaba ikawa wazi pia, katika mradi unaoitwa OpenJDK. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010 na ndiyo inaongoza mpaka leo, lakini watu wa Red Hat, SAP, Amazon na wengine wanaleta mabadiliko yao pia. Hata mwanafunzi wa Bunia mwenye mega za kutosha anaweza kuusoma msimbo huo. Kuubadilisha ni jambo lingine: unatia sahihi makubaliano, kisha mtu mwenye uzoefu anasoma kazi yako kabla haijapokelewa.

Tangu 2018, toleo jipya linatoka kila Machi na kila Septemba. Marekebisho ya usalama yanakuja mara 4 kwa mwaka.

Saa na majina

Mtu anaweza kuuliza: mbona wasiiache tu kama inafanya kazi? Ni kwa sababu dunia nayo inabadilika. Saa ya Bunia iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Java inajua hivyo kwa sababu maktaba yake ina orodha ya saa za dunia nzima. Tarehe 1 Februari 2021, jirani yetu Sudani Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, ikawa sawa na Bunia. Kompyuta ambayo haikupata orodha mpya iliendelea kutoa saa ya zamani ya Juba.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, sisi wenye majina ya Kifaransa. Kompyuta inaweka kila herufi kama namba, na kuna mitindo mbalimbali ya kuhesabu. Zamani, Java ilifuata mtindo wa mashini inayotumika. Faili likiandikwa kwenye mashini moja kwa mtindo wa UTF-8, likafunguliwa kwenye Windows yenye mtindo wa zamani, jina Bénédicte linatoka BÃ©nÃ©dicte. Kwenye orodha ya wagonjwa, huyo anakuwa mtu mwingine: ukimtafuta kwa jina lake, humpati. Machi 2022, Java 18 ilikata shauri kwamba, fundi asipochagua mtindo mwingine, UTF-8 ndiyo itatumika kila mahali. Kwa waliojificha nyuma ya mtindo wa zamani ilikuwa kazi ya ziada, lakini mimi naona walichelewa sana kuamua.

Mabadiliko yanaweza pia kuumiza. Katika Java 15, ya Septemba 2020, sehemu ya maktaba inayohakikisha sahihi za kidijitali iliandikwa upya. Ukaguzi mmoja ukasahaulika: sahihi yenye sifuri tupu ilikubaliwa kama ya kweli. Ni sawa na polisi wa bariya kupokea karatasi nyeupe kama kitambulisho. Neil Madden ndiye aliyegundua, na dawa ilitolewa Aprili 2022. Kumbe msimbo ulikuwa wazi muda wote huo. Kuwa wazi si kusema kuna mtu anausoma.

Nani anapaswa kufuata

Mfanyakazi wa zoni hahitaji Java kwenye kompyuta yake, maana anaingia DHIS2 kwa kupitia intaneti. Mzigo uko kwa wanaotunza serveri: matoleo ya karibuni ya DHIS2 yanadai angalau Java 17, iliyotoka Septemba 2021.

Wenye shida zaidi ni wale wenye programu ndogo zilizofungwa kwenye mashini moja, za hospitali, shule ao ushirika, walizotengenezewa na fundi ambaye siku hizi hapokei simu. Nyingi za namna hiyo ziliandikwa kwa Java 8, ya mwaka 2014. Java 11 iliondoa baadhi ya sehemu zilizokuwa ndani ya Java 8, kwa hiyo programu iliyozitegemea inakataa kufunguka mashini ikiwekewa Java mpya. Na kompaila ya Java 20, ya Machi 2023, haipokei tena msimbo wa kiwango cha Java 7.

Kabla ya kulipa fundi, muulize programu yake inataka Java gani, nani ataifuata toleo jipya likitoka, na kama atakuachia msimbo. Kama programu unayo tayari, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika java -version, namba itatokea. Ikianza na 1.8, hiyo ndiyo Java 8.