The O.C.

The O.C. ni tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Josh Schwartz na kurushwa na kituo cha Fox kuanzia 2003 hadi 2007. Ryan Atwood, kijana fukara wa Chino, analelewa na wakili Sandy Cohen katika mtaa wa matajiri wa Newport Beach, California. Wamarekani wengi huamini kwamba juhudi humwinua mtu yeyote. Ryan, hata hivyo, anainuliwa kwanza na huruma ya Sandy. Matajiri wenyewe hawasitiriwi: mshauri wa fedha Jimmy Cooper anaiba fedha za wateja wake, ndoa zinavunjika, vijana wanalewa. Lakini kamera haichoki kuyapamba majumba yao. Gossip Girl (2007–2012), ambayo Schwartz alishiriki kuibuni, iliushabikia utajiri waziwazi zaidi.