Mpira wa vinyoya

nomino [u-/i-]. Mchezo wa watu wawili au wanne wanaopigiana kinyoya kwa raketi juu ya wavu. Pia badmintoni, jina litokanalo na Badminton House, jumba la kifahari nchini Uingereza. Uliingia rasmi katika Olimpiki mwaka 1992. Seti hushindwa kwa pointi 21, na ashindaye seti mbili ndiye mshindi wa mechi.

Matumizi: Tofauti na mpira wa kikapu, hapa neno mpira lataja mchezo tu, wala si kitu kipigwacho. Mfasiri aandike "kinyoya kimetoka nje", si "mpira umetoka nje". Msomaji asije akadhani ni tenisi.

Kinyoya rasmi huundwa kwa manyoya 16, na uzito wake ni takriban gramu 5. Kwa wepesi huo hupeperushwa kwa urahisi, ndiyo maana mashindano makubwa hufanyika ukumbini.

Mfano: Vijana wa Igogo, Mwanza, walingoja upepo wa ziwani utulie, kwani ulikuwa ukikipeperusha kinyoya hata kilipopigwa sawasawa.