Mumbai: Bandari Iliyozaliwa na Visiwa Saba

Mji wa Mumbai umekaa kwenye pwani ya magharibi ya India, juu ya ardhi ambayo zamani ilikuwa visiwa saba vilivyotengwa na mikondo ya maji na matope. Upande unaoelekea Bahari ya Arabu hupigwa na mvua na mawimbi ya kusi tangu Juni hadi Septemba. Bandari ipo upande wa pili, mashariki, baina ya mji na bara, mahali ambapo vyombo hutia nanga kwa salama.

Wakazi wa kale wa visiwa hivyo ni Wakoli, wavuvi wanaomwabudu mungu wa kike Mumbadevi, ambaye mji umepata jina kwake. Mwaka 1534 Sultani Bahadur Shah wa Gujarat aliwaachia Wareno eneo hilo. Mwaka 1661 Wareno nao waliahidi kuitoa Bombay, kama walivyoiita Waingereza, katika mkataba wa ndoa ya Catherine wa Braganza na Mfalme Charles II wa Uingereza. Mfalme hakuona faida yake. Mwaka 1668 aliikodisha kwa Kampuni ya India Mashariki kwa pauni 10 kwa mwaka.

Kampuni iliwavutia wafanyabiashara na mafundi kutoka Gujarat: Mabaniani, Mabohora na Waparsi. Mmoja wao, Mparsi Lowji Nusserwanji Wadia, aliletwa kutoka Surat mwaka 1736 kuunda meli, na kazi hiyo ikarithiwa na wanawe na wajukuu. Waliunda kwa mbao za msaji, ambazo hudumu baharini kuliko mwaloni wa Ulaya. Mkataba wa Nanking wa 1842, uliofunga Vita vya Kwanza vya Kasumba baina ya Uingereza na China, ulitiwa saini ndani ya Cornwallis, meli iliyotoka mikononi mwao. Trincomalee, meli yao nyingine iliyoshushwa majini mwaka 1817, bado inaelea Hartlepool, Uingereza. Hakuna jengo la Mumbai linaloshuhudia ustadi wa mji huo kuliko meli hiyo.

Visiwa viliunganishwa kidogo kidogo kwa kuta na kifusi. Reli ya kwanza ya abiria nchini ilianzia hapo kwenda Thane mwaka 1853. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokatisha pamba iliyokwenda Ulaya, Bombay ilitajirika ghafla. Vita vilipokwisha, bei ikaanguka na matajiri wengi wakafilisika. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869, uliiokoa biashara. Pembe za ndovu kutoka Zanzibar zilipitia Bombay, na rupia ikawa fedha ya pwani ya Afrika Mashariki. Maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliishi wakibanana katika vyumba vidogo, na tauni ya 1896 iliwaua kwa wingi.

Wageni wa leo huenda kwanza kwenye Lango la India, lililokamilika 1924. Hapo ndipo kikosi cha mwisho cha jeshi la Uingereza kilipopita kikiondoka Februari 1948. Boti za kwenda mapango ya Elephanta, yenye sanamu kubwa za Shiva zilizochongwa mwambani, huanzia hapo hapo. Kituo cha reli cha Chhatrapati Shivaji kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2004.

Shehena kubwa ya makontena imehamia Nhava Sheva, ng'ambo ya ghuba, bandari iliyofunguliwa mwaka 1989.