Kawio: Jina la Muda wa Sauti Iliyo Njiani

Wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja hawahesabu. Mchi wa huyu ukishuka, wa yule unapanda, na kati ya mishindo hiyo miwili pana upenyo mdogo ambao kila mmoja amemwachia mwenzake. Hapa Mtama, mji wenye jina moja na nafaka inayotwangwa, mchezo huo nimeuona tangu utotoni. Sasa mchukue mmoja wao umpeleke Muscat, umpe mchi na kinu chake, umwache mwenzake hapa, uwaunganishe kwa simu na kuwaambia watwange kwa kupokezana. Haitafika mishindo kumi watakuwa wamegombana. Kila mmoja atamwona mwenzake mzembe, na wote wawili watakuwa wamepiga kwa wakati.

Fundi wa sauti angewaamulia kwa neno moja: latensi. Ni muda unaopita tangu sauti itoke hapa hadi ifike kule. Neno lenyewe limekwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili, vijana wa studio wanalitumia bila haya, na sina ugomvi nalo. Ila kwa asiyelijua halisemi kitu, na mimi nimelihitaji mara nyingi mbele ya watu wasiolijua, akiwemo mama mwenye nyumba aliyetaka kujua kwa nini usiku napiga gitaa peke yangu huku nikimfokea mtu asiyeonekana.

Mtu huyo yupo. Tuko watatu: mimi na gitaa hapa Mtama, mpiga kinanda yuko Muscat, mtoto wa Waunguja waliohamia huko, mpiga ngoma yuko Uswidi. Tunapiga aina ya roki iliyoanzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Pink Floyd waliifungulia mlango mwaka 1967, na Hawkwind, kundi lililoanza mwaka 1969, wakahamia humo moja kwa moja. Nyimbo zake ni ndefu. Kodi moja, ile ya gitaa na si ya mapato, huzungushwa dakika kumi, vinanda vya umeme vinavuma kama upepo wa kusi, na juu ya yote unamwagwa mwangwi. Mimi naiita roki ya angani. Mtafsiri mmoja ninayemheshimu alipendekeza “mwamba wa angani”. Nikamwambia huo tunao tayari, uko Mbozi, una uzito wa tani zaidi ya 10 na unaitwa kimondo.

Wapo wanaocheka kusikia habari za anga za juu kutoka mkoa wetu wa Lindi. Wacheke, lakini wakumbuke kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani kwa kazi ya kuchunguza eksirei za nyota tu, na jina lake lilikuwa la Kiswahili: Uhuru. Mionzi iliyoipokea ilikuwa imekaa safarini miaka elfu kwa maelfu. Hakuna mtaalamu wa nyota aliyesema mionzi hiyo imechelewa. Nitarudi kwenye kitenzi hicho.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa la kijinga: tulipigiana simu ya video, tukahesabu moja, mbili, tatu, nne, tukaanza. Mimi nilimsikia mwenzangu wa Muscat akiwa nyuma yangu, nikapunguza mwendo kumngoja. Naye, akinisikia mimi nikiwa nyuma yake, akapunguza vilevile. Wa Uswidi akatufuata sisi sote. Wimbo ulipoa kama uji uliosahaulika, mpaka ukasimama wenyewe. “Weye leo umelala, sheikh wangu,” akaniambia yule wa Muscat. Nilikuwa macho kuliko siku yoyote.

Hesabu yake si ngumu. Hewani sauti huenda mita zipatazo 340 kwa sekunde, yaani kila mita inakula karibu milisekunde tatu. Simama ng’ambo ya bonde la Lukuledi umtazame mtu anayekata kuni: shoka limeshainuliwa tena ndipo “ko!” inapokufikia. Wapiga ngoma wakiachana mita 10, tayari kuna milisekunde 29 kati yao, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Waliowapima wanamuziki wanaweka mpaka kwenye milisekunde 25 hadi 30 hivi. Ukivuka hapo, kundi linavutana na mwendo unapoa, kama ulivyopoa wetu. Ndiyo maana ngoma za sindimba hupangwa bega kwa bega. Wapigaji hawakuhitaji saa kuligundua hilo.

Mtandaoni sauti haipandi hewa. Inageuzwa kuwa mwanga na kupitishwa kwenye mkongo wa baharini, ambamo mwanga huenda kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Ni kasi ya kutisha, lakini kutoka pwani yetu hadi Uswidi ni zaidi ya kilomita 7,000 hata ungepita kama kunguru. Hapo zimekwenda milisekunde 35 kwa upande mmoja tu, na mkongo haupiti kama kunguru: unazunguka mabara, unatua, unapokewa na mitambo, unatumwa tena. Enzi za simu za setilaiti ilikuwa mbaya zaidi. Setilaiti zinazoonekana kama zimetulia juu ya Ikweta ziko kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, na sauti kupanda na kushuka tu ilikula robo sekunde. Wazee wanakumbuka mazungumzo ya simu ya ng’ambo ambayo wote wawili mnasema “haloo” kwa pamoja, mnanyamaza kwa pamoja, kisha mnaanza tena kwa pamoja.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya, na wauza bando hawana haraka ya kulifafanua. Wingi wa data na wepesi wa kufika ni vitu viwili. Lori la korosho likitoka Mtama kwenda bandari ya Mtwara linabeba tani nyingi, lakini gunia la kwanza halifiki mpaka lori zima limefika. Bodaboda anabeba gunia moja na anatangulia. Ukinunua bando kubwa umenunua lori. Filamu utaitazama vizuri, ila mishindo ya kupokezana itaendelea kugongana.

Mei 2024 tulipata somo la vyote viwili kwa mpigo. Mikongo ya EASSy na Seacom iliharibika kusini, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na aliyetoka kulitangazia taifa alikuwa mbunge wetu wa Mtama, Nape Nnauye, wakati huo waziri wa habari na mawasiliano. Kwa siku kadhaa data yetu ilijipenyeza kwa njia za pembeni, ndefu na zenye msongamano. Malori yakapungua, na hata bodaboda akazungushwa njia ya mbali.

Basi jina. “Uchelewaji” ndilo linalokuja mdomoni kwanza, na ndilo ninalolikataa kwanza. Anayechelewa ameahidi saa. Mwanafunzi mchelewaji anasimamishwa nje ya lango, mtumishi mchelewaji anaandikiwa barua. Neno zima lina harufu ya adhabu. “Ucheleweshaji” ni baya zaidi kwa sababu linamtafuta mtu wa tatu, aliyesababisha. Wakati sauti yangu inakwenda Uswidi hakuna aliyekosa. Kuna bahari tu. “Taahari”, la Kiarabu, limo kwenye kamusi na lina heshima yake, lakini nani leo atalitamka studio bila kusikika kama anatoa hotuba? Tena linafanana mno na “taahira”, na sitaki kumwita mpiga ngoma wangu hivyo hata kwa bahati mbaya.

Kiswahili kina kitenzi kingine: kukawia. Aliyekawia ametumia muda mwingi. Lawama si lazima. Uji umekawia kuiva. Mvua zimekawia mwaka huu. Tunaambiana “kawia ufike”, na maneno hayo yameandikwa nyuma ya mabasi mengi, ingawa si mabasi yote yanayoyatii. Katika usemi huo kukawia na kufika vimefungwa pamoja, na hiyo ndiyo latensi yenyewe: sauti itafika, iko njiani. Kutokana na azimia tumepata azimio, kutokana na shambulia shambulio, kutokana na kimbilia kimbilio. Kutokana na kawia, basi, kawio. Wingi wake makawio. Nalo linazaa kama jina lolote la Kiswahili: kawio la kwenda, kawio la kwenda na kurudi, kawio dogo, mtambo unaokawiza.

Sina hakika kama Baraza la Kiswahili litalipenda. Istilahi hazipiganiwi vikaoni tu: kompyuta iliwashinda tarakilishi na ngamizi waliokuja na vyeti vizuri zaidi, ilhali barua pepe imeingia kila nyumba bila kupiga hodi. Neno jipya linapona likiwa fupi na likiwa na ndugu wanaojulikana mtaani. Kawio lina herufi tano, na ndugu yake yuko nyuma ya basi.

Ukiisha kulipata jina, unaanza kukiona kitu hicho hata ulikodhani hakipo. Niliposhindwa kupiga moja kwa moja na wenzangu, nilikimbilia njia wanayoitumia wengi: kila mtu anarekodi kwake kwa wakati wake na kutuma faili, na mmoja anapanga sauti juu ya sauti. Nikadhani nimelikwepa kawio. Wapi! Lilikuwa ndani ya kompyuta yangu. Kompyuta haipokei sauti kama maji ya bomba. Inaikinga kwenye ndoo ndogo, na ndoo ikijaa ndipo inapoimimina. Ndoo ya sampuli 512, yaani vipande vidogo vya sauti, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kila sekunde, inajaa baada ya milisekunde karibu 12, na kuna ndoo ya kuingilia na ya kutokea. Ukipunguza ndoo, kompyuta dhaifu inahema na sauti inakwaruza kama redio ya betri zilizokwisha. Ukiiongeza, unapiga waya leo na kuusikia kesho. Programu za kurekodi hulipima kawio hilo na kuirudisha sauti nyuma mahali pake, mradi uzijulishe vizuri mtambo unaotumia. Nilikuwa sijazijulisha. Nyimbo tatu za mwanzo, gitaa langu linaburuza mguu, na mwenzangu wa Muscat alikuwa na haki ya kuniuliza kama nimelala.

Kisha tukagundua programu moja ya mwaka 2005 inayoitwa Ninjam, na hapo ndipo heshima yangu kwa kawio ilipoanza. Programu nyingine, kama Jamulus na JackTrip, hupambana kulipunguza. Ninjam inalirefusha. Inalinyoosha mpaka lilingane na mzunguko mzima wa mapigo, tuseme 16 au 32, kisha inampa kila mmoja mzunguko uliopita wa wenzake, ukiwa umekaa sawasawa juu ya mapigo. Ninapopiga sasa, ninapiga pamoja na Muscat ya mzunguko uliopita, na Muscat inapiga pamoja na mimi wa mzunguko uliopita. Hakuna wawili kati yetu wanaosikia wimbo uleule. Kwa taarabu, ambako muimbaji na fidla huitikiana papo kwa papo, mpango huu ni balaa. Kwa roki ya angani, ambako kodi moja inakaa dakika kumi na hakuna mwenye haraka, ni kama uliundwa kwa ajili yetu.

Na tangu lini sisi wapiga gitaa wa angani tukaogopa sauti inayokuja baadaye? Chombo ninachokikanyaga kwa mguu kazi yake ni kuirudisha sauti yangu baada ya milisekunde 400, tena na tena, ikififia. Huo tunauita mwangwi na tunaununua kwa pesa. Kwa saa ya ukutani, mwangwi na kawio ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba mwangwi nimeuchagua, nikaupima uendane na mapigo. Ninjam ilichofanya ni kulitendea kawio kama mwangwi. Nadhani hata Kiswahili kinalijua hilo: hatusemi mwangwi umechelewa.

Watanzania waliotutangulia hawakuwa na ndoo wala mkongo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Patrick Balisidya wa Afro 70 alipotaka kupiga na Archimedes Badkar, kundi la Uswidi lililochanganya roki na muziki wa huku na huko, ilibidi asafiri mwenyewe. Walichorekodi si roki ya angani hasa, ila ni jirani wa ukuta mmoja. Jina la sahani hiyo lilinifurahisha nilipolikuta, kwa sababu ndilo jibu ambalo kila sauti iliyo njiani ingetoa kama ingeulizwa: Bado Kidogo.

Wiki iliyopita, tukijiandaa kuanza, mpiga kinanda aliniandikia kutoka Muscat: “Ngoja kwanza, kawio yangu leo kubwa, nazima nawasha.” Ngeli si hiyo, ni kawio langu. Nilianza kuandika kumsahihisha, nikafuta, nikangoja awashe.